Bajeti ya TEHAMA inapobanwa: kikatwe nini, abaki nani

Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ya Marekani ilinunuliwa Kenya kwa takriban shilingi 113. Kufikia mwisho wa Januari 2024 ilikuwa imepita shilingi 160. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 100,000 kwa mwaka kwa ajili ya leseni za programu na huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia intaneti, ilijikuta ikitafuta shilingi milioni 16 badala ya milioni 11.3, bila kuongeza mtumiaji hata mmoja. Katika kipindi hichohicho kampuni ya Broadcom iliinunua VMware, yenye programu inayoigawa seva moja ifanye kazi kama seva nyingi, Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, hivyo mashirika ambayo seva zake zinategemea programu hiyo yakaelekezwa kwenye malipo ya vipindi. Shilingi ya Kenya imepata nafuu tangu hapo, lakini mvutano ulioibuka haujaisha: mkurugenzi wa fedha anataka gharama za TEHAMA zishuke, na mkuu wa TEHAMA anajibu kwamba hakuna kinachoweza kuguswa bila mifumo kuyumba.

Upande wa fedha una hoja nzito kuliko wengi wetu tulio kwenye taaluma hii tunavyopenda kukubali. Ofisi nyingi hazina orodha kamili ya leseni wanazolipia. Akaunti za watu walioacha kazi zinaendelea kulipiwa mwezi baada ya mwezi, kwa sababu idara ya rasilimali watu haikutoa taarifa na hakuna aliyeuliza. Seva ya majaribio iliyowashwa kwa ajili ya onyesho la siku mbili inaachwa ikiwaka mwaka mzima, na bili yake inakuja kwa dola. Miradi ndiyo mibaya zaidi, maana mradi uliokwisha kula fedha nyingi hupata watetezi wapya kila unapokaribia kufutwa. BBC ilianza mwaka 2008 mradi wa kuachana na kanda za video na kuhamishia utayarishaji wa vipindi kwenye mfumo mmoja wa kidijitali. Ulifutwa Mei 2013, takriban pauni milioni 98 zikiwa zimepotea. Kipindi cha ukata kinampa meneja nafasi ya kuuliza jambo ambalo wakati wa neema huonekana kama uchokozi: mradi huu ukisimamishwa leo, ni nani hasa atakayeathirika?

Tena, fedha nyingi hazinunui usalama. Juni 2012 benki za kundi la RBS nchini Uingereza zilisasisha programu inayopanga kazi za usiku, yaani foleni ya miamala inayochakatwa wateja wakiwa wamelala. Hitilafu ilipojitokeza, mafundi waliliondoa toleo jipya bila kupima kwanza athari ya kufanya hivyo, na wateja wapatao milioni 6.5 wakaathirika, baadhi yao kwa wiki kadhaa. Wasimamizi waliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 56 mwaka 2014, lakini walieleza bayana kwamba tatizo halikuwa uhaba wa uwekezaji, kwa kuwa kundi hilo lilikuwa likitumia zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka kutunza mifumo yake. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuitambua hatari na kuidhibiti. Mkuu wa TEHAMA anayedai kwamba kila shilingi inayokatwa itazaa janga hana budi kulijibu tukio hilo.

Hata hivyo, namna makato yanavyofanyika kwa kawaida inanitia wasiwasi. Hukatwa kwanza kile kisichopiga kelele: mafunzo, majaribio ya kurejesha data, masasisho ya usalama, na yule fundi wa tatu ambaye mchana haonekani kuwa na shughuli. Bili ya leseni ina mkataba na tarehe ya mwisho, kwa hiyo inalipwa. Mtu hana ulinzi huo.

Tazama yaliyoipata GitLab, kampuni ya programu, usiku wa tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akihangaika na hitilafu ya kunakili hifadhidata alifuta saraka (folda) ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili, ile inayobeba nakala. Alishtuka baada ya muda mfupi, lakini sehemu kubwa ya gigabaiti 300 ilikuwa imekwisha kufutika. Walipoziendea nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data, wakakuta mahali zilipopaswa kuwa ni patupu: programu ya kutengeneza nakala hizo ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa ya toleo 9.6, kwa hiyo kazi ilikuwa ikishindikana kimyakimya, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono muda wa saa 6 hivi kabla ya ufutaji huo, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Kampuni ilieleza yote haya hadharani, na katika maelezo yake kuna jambo ambalo kila mkurugenzi wa fedha angepaswa kulisoma: hakuna mtu aliyekuwa amekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala hizo. Mapungufu ya namna hiyo hayaonekani kwenye jedwali la bajeti, kwa kuwa huko nakala rudufu zipo na zimelipiwa.

Ninachokishikilia mimi ni kwamba mtu anayeujua mfumo kwa undani si gharama shindani na leseni au huduma za wingu. Ndiye anayeziwezesha gharama hizo kushuka. Kampuni ya 37signals ya Marekani ilitumia takriban dola milioni 3.2 kwa huduma za wingu mwaka 2022, kisha ikanunua seva zake kwa takriban dola 700,000, ikahamisha programu zake nyingi, na gharama zikapungua kwa karibu dola milioni 2 kwa mwaka. Iliweza kwa sababu tayari ilikuwa na wahandisi wa kuifanya kazi hiyo, na haikulazimika kuajiri wengine. Kampuni iliyokwisha kuwapunguza watu wa aina hiyo haina njia hiyo tena. Mwenye kuuza leseni akipandisha bei, italipa, kwa kuwa hakuna aliyebaki anayejua jinsi ya kuhama.

Hoja hii ina mipaka, na mipaka yenyewe si midogo. Kwa kampuni ya watu 40 mjini Kisumu au Arusha, kuendesha seva yake ya barua pepe kwa kutegemea fundi mmoja ni hatari kuliko kulipia huduma ya nje, hata dola ikiwa ghali. Tena yapo mashirika ambayo huyo mjuzi ndiye tatizo: nywila zote anazo yeye, maelezo ya mifumo yamo kichwani mwake, na kila mazungumzo ya makato yanageuka kuwa tishio la kimyakimya. Mkurugenzi wa fedha anayetaka kuondokana na utegemezi huo hakosei. Anachokosea ni kuanza kwa kumwondoa mtu kabla ujuzi wake haujaandikwa na kukabidhiwa kwa wengine.

Kuhusu kupunguza data inayotunzwa sina mashaka makubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote hazikubali taarifa za watu kutunzwa kupita muda zinapohitajika, hivyo ufutaji wenye mpango unapunguza gharama ya hifadhi na hatari ya kisheria kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni tahadhari, kwa sababu sheria ya kodi ya Kenya, kwa mfano, inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na anayejua ni majedwali yapi ya hifadhidata yanabeba kumbukumbu hizo mara nyingi ni yuleyule fundi wa tatu.

Kwa hiyo ningependekeza kikao cha bajeti kianzie kwenye chumba cha seva. Mkurugenzi wa fedha aombe nakala rudufu ya wiki iliyopita irejeshwe mbele yake kwenye mashine tupu, na irejeshwe na mtu asiye mkuu wa idara, kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa. Ikishindikana, hapo atakuwa amejua kinachohitaji fedha kabla ya kingine chochote. Ikifanikiwa, orodha ya leseni na miradi iletwe mezani, na makato yaanze humo.