Msalabani: tuliokolewa na maumivu?

Kila Ijumaa Kuu tunasikia kwamba mateso ya Kristo ndiyo yaliyotukomboa. Sipingi. Ila sentensi hiyo inaweza kueleweka kwa namna mbili: kwamba Mungu alitaka maumivu yalipwe, au kwamba Kristo alikubali maumivu ili atufikie. Tofauti hiyo si mchezo wa wanateolojia, kwa sababu ndiyo inayoamua tutamwambia nini mke anayepigwa nyumbani akija kuomba ushauri kanisani.

Wanaoshika namna ya kwanza wana Maandiko mkononi. Isaya 53:5 inasema "adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Calvin, mwanateolojia wa Kiprotestanti, aliijenga hoja hiyo kwa nguvu katika karne ya 16: Kristo alisimama mahali petu mbele ya hakimu. Hoja hii ina uzito ambao wanaoibeza huwa hawauoni. Mtu aliyeua kisha akatubu hatulizwi na kuambiwa tu kwamba Mungu anampenda. Anataka kujua damu ile imekwenda wapi, nani ameibeba. Injili isiyo na jibu kwake ni nyepesi mno.

Lakini mwanateolojia Abelard, katika karne ya 12, aliuliza swali ambalo halijazeeka: si ukatili kudai damu ya asiye na hatia kama bei? Na matunda ya ukatili huo tumeyaona. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2, unawahimiza watumwa wawavumilie hata mabwana wakali, ukitaja mateso ya Kristo kama kielelezo. Huko Marekani, enzi za utumwa, wahubiri walitumia maneno ya namna hiyo kuwatuliza watu waliokuwa wakichapwa mijeledi. Msalaba ukageuzwa kuwa mlinzi wa mwenye mjeledi.

Tutazame Golgotha kwa karibu. Misalaba ilikuwa mitatu. Wahalifu wawili walitundikwa kwa adhabu ileile ya Kirumi, na kwa maelezo ya Yohana 19, askari walipokuja waliwavunja miguu kwa kuwa walikuwa bado hai, ilhali Yesu alikuwa ameshakufa. Marko anaongeza kuwa Pilato alistaajabu kusikia amekufa mapema hivyo. Basi kama wokovu ungepimwa kwa muda wa maumivu, wale wawili wangemzidi. Kilichomtofautisha wa katikati ni yeye ni nani, na kwamba alijitoa: "Hapana mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe", alisema juu ya uhai wake (Yohana 10:18). Hata mwanateolojia Anselm, aliyeandika mwaka 1098 kuhusu deni la dhambi, hakusema kinacholipa ni uchungu. Kinacholipa ni uhai uliotolewa kwa hiari na asiyestahili kufa.

Hapo naegemea upande wa pili, ingawa nao una hatari yake. Tukisema upendo tu, mtu atauliza: kwa nini basi Kristo asife usingizini? Wafilipi 2:8 inasisitiza "mauti ya msalaba", adhabu ya watumwa na waasi, ya uchi na aibu hadharani. Alishuka mpaka pale mtu anapolia "mbona umeniacha?", na yeye mwenyewe akalia hivyo. Maumivu hayakuwa bei aliyoitamani Baba. Lakini bila hayo tungebaki na mkombozi asiyepajua tunapoanguka.

Wagonjwa wengi wanaishi kwa imani hiyo. Katika Wakolosai 1:24 Paulo anasema anayatimiliza mwilini mwake yaliyopungua ya mateso ya Kristo, na mwaka 1984 Papa Yohane Paulo II, aliyekuwa amepigwa risasi miaka mitatu kabla, aliandika barua nzima kutokana na mstari huo. Mgonjwa anayeunganisha kitanda chake na msalaba asinyang'anywe faraja hiyo. Ila maumivu hayo ni yake mwenyewe kuyatoa. Mwingine hana haki ya kumwagiza ateseke, sembuse anayemtesa.

Na Paulo huyohuyo, alipoviziwa Dameski, alishushwa ukutani ndani ya kapu akatoroka. Askari walipomfunga Yerusalemu ili wamchape, alidai haki yake ya uraia wa Rumi, wakamwacha.