Mti ukipewa jina unapona au unalengwa? Kisa cha Luna wa California

Tarehe 10 Desemba 1997 binti wa miaka 23 anaitwa Julia Hill, wengi wanamjua kama Julia Butterfly, alipanda mti mkubwa wa redwudi huko Humboldt, kaskazini mwa California, akiwa na mpango wa kukaa juu wiki chache tu. Alishuka tarehe 18 Desemba 1999. Siku 738, yaani miaka miwili na siku kadhaa bila kukanyaga ardhi, kisa mti usikatwe na kampuni ya mbao. Mti wenyewe unaitwa Luna, neno la Kihispania la mwezi, kwa sababu wanaharakati wa Earth First, kikundi cha kutetea mazingira, waliotangulia kujenga kijukwaa kule juu walikuwa wanajenga usiku kwa mwanga wa mbalamwezi.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi sana, na kusema kweli kuna siku nakimaliza niko upande wa Julia na kuna siku nakimaliza niko upande wa wakata miti, kwa hiyo leo nimeamua kukaa chini nipime pande zote. Ujasiri wa yule dada sibishani nao hata kidogo. Kinachonisumbua ni hiki: ukiokoa mti mmoja wenye jina, msitu nao umepona? Au watu wanabaki na mti wa kupiga nao picha huku nyuma yake vilima vinaisha?

Tuanze na kampuni maana bila kuijua hiyo hutaelewa hasira za watu zilitoka wapi. Pacific Lumber ilikuwepo Humboldt tangu karne ya 19, na kwa miaka mingi ikiwa chini ya familia ya Murphy ilikuwa inakata taratibu, wanachagua miti, mingine wanaiacha isimame. Mji mzima wa Scotia ulikuwa wa kampuni, mfanyakazi anapanga nyumba ya kampuni kwa bei ya kawaida kabisa, na babu, baba na mtoto wote wamepita kiwanda kilekile cha mbao. Mwaka 1986 kampuni ya Maxxam ya Houston, chini ya tajiri mmoja anaitwa Charles Hurwitz, ikainunua kwa hela nyingi za mkopo, mkopo wa riba kali. Sasa deni kama hilo unalilipa na nini? Na miti. Kasi ya kukata ikapanda mara mbili na zaidi, na ule utaratibu wa kuchagua ukaachwa, wakawa wanafyeka mteremko mzima unabaki mweupe. Halafu mkesha wa mwaka mpya wa 1997 mlima ulioko juu ya kijiji cha Stafford ukaporomoka, tope na magogo vikashuka mpaka majumbani, nyumba saba zikaisha. Luna umesimama juu ya kijiji hichohicho. Ndipo ulipokuwa unasubiri kukatwa.

Kwa hiyo Julia alivyopanda, kwa watu wa Stafford ile haikuwa habari ya mapenzi ya miti peke yake, waliona kabisa mlima usio na miti unafanya nini.

Maisha ya kule juu yalikuwa hivi. Kijukwaa cha mbao mita kama 55 kutoka chini, ukubwa wake labda kitanda cha futi sita kwa sita, juu kuna turubai. Jiko dogo la gesi la kuwekea sufuria moja. Simu inachajiwa kwa sola, na hiyo simu ndiyo aliyokuwa anapigia redio na waandishi wa habari dunia nzima. Alikuwa anatembea pekupeku kwenye matawi, nyayo zimejaa utomvu, anasema viatu vinamzuia kuusikia mti. Ule msimu wa baridi wa El Niño, 1998, upepo ulichana turubai vipande vipande. Helikopta ilikuja ikazunguka karibu naye, na kuna kipindi walinzi waliuzingira mti kuzuia watu wasimletee chakula.

Wanaomtetea wana hoja moja ambayo kwangu ni nzito sana. Wanasema bila jina hakuna mtu angepiga simu kule. Ukimwambia mtu wa mjini kwamba ekari elfu kadhaa za msitu mkongwe zinakatwa, atatikisa kichwa aendelee na chai yake, lakini ukimwambia kuna mti unaitwa Luna, wataalamu wanaukadiria kufikia miaka elfu moja, na kuna binti yuko juu yake usiku huu kwenye mvua, hapo atauliza kesho yake kaamkaje. Na msitu huu ulishaliwa sana kabla ya Julia kuzaliwa, redwudi za asili zilikuwa zimetanda kama ekari milioni mbili kwenye ukanda ule wa pwani na leo misitu iliyobaki bila kuguswa ni kama asilimia tano tu. Kikibaki kiasi hicho, kila mti mkongwe una uzito wake.

Sasa upande wa pili, na huu nao usiupuuze.

Kwanza ardhi ilikuwa ya mtu, na mpango wa kukata ulikuwa una kibali cha serikali ya jimbo. Julia alikuwa amevamia, kisheria hilo halina namna nyingine ya kulisema. Pili kuna hesabu. Makubaliano yaliyomshusha yalikuwa kwamba Luna pamoja na miti yote iliyoko ndani ya futi 200 kuuzunguka, kama mita 61, haitaguswa milele, na wanaharakati walipe dola 50,000, hela ambazo kampuni ikazielekeza chuo kikuu cha Humboldt State kwa utafiti wa misitu. Chora duara la mita 61 kutoka kwenye shina upige hesabu, hupati hata ekari tatu. Miaka miwili ya mtu juu ya mti, ekari tatu kasoro. Na mwaka huohuo wa 1999, mwezi wa tatu, serikali kuu ya Marekani na jimbo la California walinunua msitu wa Headwaters kutoka kwa kampuni hiyohiyo, ekari zaidi ya 7,400 kwa dola milioni 380. Ukigawa, kila ekari moja ya Headwaters imekuja kama dola elfu hamsini, yaani bei ya Luna na duara lake lote. Wakosoaji wanauliza, sasa nani ameokoa msitu hapa, aliyekaa juu ya mti au walioleta hundi?

Mi hapo huwa nawajibu kwamba ile hundi haikuandikwa yenyewe. Headwaters ilikuja baada ya miaka ya maandamano, watu kukamatwa, na kijana wa miaka 24 anaitwa David Chain kufa Septemba 1998 baada ya kuangukiwa na mti uliokatwa wakati yeye na wenzake wako msituni wanapinga ukataji. Wanasiasa walikuwa wanaona kila siku kwenye taarifa ya habari kwamba kuna mtu bado yuko juu ya mti. Siwezi kukutajia ni dola ngapi kati ya zile zilitoka kwa sababu ya Luna, ila kutenganisha kabisa hivi vitu viwili naona ni kujidanganya.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, ya wafanyakazi. Mimi nimekulia kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, huku Kilimanjaro, na nakumbuka siku baba mdogo alipoukata mringaringa wa nyuma ya nyumba, mti ambao babu alikuwa anakaa chini yake jioni. Ulikuwa mwezi wa kwanza, ada inadaiwa, mnunuzi wa mbao kashafika na watu wake. Mti ulipolala mwanga ukaingia kwenye migomba mahali ambapo sijawahi kuona jua, na baba mdogo akahesabu zile noti mara mbili akaziweka mfukoni bila kusema kitu, hata chai hakunywa. Hakuwa anauchukia ule mti. Ndio maana nikisoma watu wanaandika kama vile wakata miti wa Humboldt ni mashetani nakasirika, wengi wao walikuwa na watoto shuleni na nyumba ya kampuni, na deni lililokuwa linaikaba kampuni walilikopa matajiri wa Houston, hao wafanyakazi hawakuulizwa. Ila hapohapo ndipo hoja yao inaponishinda, kwa sababu kasi ile ya kukata ndiyo iliyokuwa inamaliza kazi zao. Msitu unaokatwa mara mbili ya zamani, kazi zake zinaisha mapema. Januari 2007 kampuni ikatangaza kufilisika.

Hoja ya nne ni ya kibaiolojia na watu wengi wanairuka. Redwudi, pamoja na urefu wake wote, haina mzizi mkuu unaozama sana, mizizi yake ipo mita chache tu chini ya udongo ila inatambaa mbali, hata mita 30 kutoka kwenye shina, na inashikana na ya majirani. Mti unasimama kwa kushikwa na wenzake. Ukifyeka jirani zote ukaacha mmoja mwenye jina, umeuacha peke yake kwenye upepo. Mita 61 ni afadhali kuliko sifuri, lakini mti wa miaka elfu unataka ukoo wake wote.

Na kuna jambo ambalo kwa kweli lilinikata maini. Novemba 2000, mwaka haujaisha tangu Julia ashuke, mtu fulani alikuja na chenso akaukata Luna. Mkato wa sentimita 81 kwenda ndani, urefu karibu mita sita kulizunguka shina, zaidi ya nusu ya mzunguko. Hakuukata auchukue mbao, maana hakuuangusha. Aliukata kwa sababu ulikuwa Luna. Miti mingine maelfu pale haikuwa na jina na hakuna aliyeifuata usiku kwa chuki. Wataalamu wakaja wakafunga vyuma kwenye kidonda kuunganisha juu na chini, wakavuta na kamba za waya usiyumbe upepo ukija, na mti ukapona, upo mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiria upya habari ya majina. Angalia Hyperion, redwudi nyingine hukohuko California, mrefu kuliko miti yote inayojulikana duniani, kama mita 116. Uligunduliwa 2006, hifadhi ikaficha ulipo, lakini baada ya muda ramani zikavuja mtandaoni na watu wakaanza kumiminika. Hakuna hata njia ya kufika, wanapasua vichakani, wamekanyaga mpaka majani yote ya chini ya mti yamekwisha, udongo umegandamizwa juu ya ile mizizi ya juujuu niliyoisema, kinyesi na karatasi za chooni kila mahali. Mwaka 2022 hifadhi ikapiga marufuku, ukikutwa karibu ni faini mpaka dola 5,000 na jela mpaka miezi sita. Luna ulijeruhiwa na anayeuchukia, Hyperion unakanyagwa na wanaoupenda, na wote walijulikana kwa jina.

Sisi huku tuna mkukusu, mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81.5, upo kwenye bonde moja la Kilimanjaro na ulitangazwa 2016. Hauna jina lake la peke yake kama Luna, na watu wachache sana wanajua bonde lenyewe. Kuna jamaa zangu wanataka utangazwe, watalii waje, vijana wapate kazi ya kuongoza wageni. Nawaelewa, tena sana. Ila kabla sijakubali nitataka kuona njia ya mbao ya kupita watu juu ya mizizi, askari wa kutosha, na eneo lote linalouzunguka liwe limeshalindwa kwa maandishi.

Nasema kwa maandishi kwa sababu ukiniuliza Luna uliokolewa na nini hasa, nitakujibu ni ile karatasi. Siku 738, simu, jina, vyote vile vilimfikisha Julia mahali pa kuweza kudai saini, na alikuwa na akili ya kutoshuka kabla haijawekwa. Ahadi za mdomo angepewa tangu mwezi wa kwanza. Mkataba ule unafuata ardhi, ardhi ikiuzwa unaenda nao, na kuna taasisi ya ardhi inaitwa Sanctuary Forest inayokwenda kukagua. Matokeo yake kampuni iliyosaini imekufa, 2008 msitu ukapata wenyewe wapya, na Luna ukabaki na ulinzi wake uleule. Hao wapya, Humboldt Redwood Company, wakaacha mtindo wa kufyeka na wakaweka sera ya kutokata redwudi kongwe zilizoota kabla ya mwaka 1800. Sera ni nzuri, naipongeza kwa moyo, ila mwenye kampuni anaweza kuibadilisha siku akitaka. Mkataba wa Luna hawezi.

Kwa hiyo wanaosema Luna ulikuwa ushindi wako sahihi kuhusu mti, na wanaosema ulikuwa mdogo mno wako sahihi kuhusu duara. Mi lawama yangu iko kwenye duara. Ukisimama leo kwenye shina la Luna, pale penye vyuma, ukaanza kutembea upande wowote, ukifika hatua ya themanini hivi umeshatoka nje ya mkataba.