Ujumbe wa Sauti Uliosikika Ukumbi Mzima

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja amekwisha kueneza kwamba nilinyakua kipaza sauti kwenye mahafali ya chekechea na kuwatukana watoto wa watu, naona ni heri niieleze habari hii mwenyewe kabla haijafika mahali ambapo nitakuwa nimepanda jukwaani na fimbo mkononi. Kipaza sauti sikukigusa. Sikuhitaji kukigusa, na hapo ndipo penye msiba wenyewe.

Wenye watoto wa umri huo mnaelewa hali ya mzazi siku ile. Mtoto aliyegoma kuvaa viatu asubuhi anatokea amevaa joho linaloburuza na kofia iliyomshukia hadi kwenye nyusi, nawe unatokwa na machozi kana kwamba anatunukiwa udaktari. Nilikuwa nimewahi safu ya mbele, mkoba nimeuweka kwenye kiti cha pili (msiniulize kilikuwa cha nani), na simu nimeijaza chaji pomoni. Chaji hiyo ndiyo iliyoniponza. Simu ya mwalimu iliyokuwa ikipiga nyimbo ilizimika katikati ya shughuli, na mshereheshaji alipouliza kama kuna mzazi mwenye simu yenye chaji ya kutosha, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza swali. Wakaiunganisha na spika za ukumbi kwa bluetooth, watoto wakacheza, mwanangu akaghani shairi lake bila kukwama hata mara moja, nami nikarudishiwa simu kwa makofi. Hakuna aliyekumbuka kuitenganisha na spika.

Nikajiinamia, nikajiziba mdomo kwa karatasi ya ratiba, nikamrekodia dada yangu ujumbe wa sauti kwa mnong'ono wa kitaalamu kabisa. Mwalimu mkuu aliposimama kuhutubia na ukumbi ukatulia, niliona ni wakati mwafaka wa kuusikiliza ujumbe huo ili nihakikishe kwamba makofi hayakuyameza maneno, ingawa kwa hakika nilitaka tu kuusikia utamu wake tena. Yeye alikuwa ndiyo kwanza anasema kwamba kila mtoto ana kipawa chake. Nikabonyeza, nikaiweka simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaiongeza mpaka ikagota, na kutoka kila pembe ya ukumbi mwanamke mmoja akaanza kunong'ona kwa kishindo:

"Dada, mwanangu ndiye aliyeibeba shughuli nzima, hawa wengine ni wasindikizaji tu."

Sasa ndugu zangu, hapa naomba mnivumilie, kwa sababu sauti ile sikuitambua. Niligeuka kutazama nyuma kama walivyogeuka wenzangu, nikakunja uso, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha nikamwambia mama aliyeketi kando yangu kwamba kuna wazazi wasio na haya hata kidogo. Akaniunga mkono kwa moyo wote. Tulikuwa bado tunaafikiana wakati mwanamke wa kwenye spika alipoendelea:

"Aliyemtangulia ameimba kama bawaba isiyopakwa mafuta, na mama yake, huyu hapa kando yangu, anampigia makofi, maskini."

Lile "maskini" ndilo lililonizindua, kwa kuwa hakuna mwingine katika ukoo wetu anayelivuta kwa urefu ule. Nilihisi baridi ikianzia kisogoni na kushuka taratibu. Jirani yangu naye aligeuka taratibu: kwanza macho, kisha kidevu, kisha kiti kizima. Niliishusha simu na kubonyeza nilipodhani pana kitufe cha kusimamisha, lakini kidole chenye jasho kiligusa kitufe cha kasi, na umbea wangu ukaanza kumwagika kwa mwendo maradufu, mtoto mmoja baada ya mwingine, joho kwa joho.

Nikakumbuka kwamba bluetooth kwa kawaida hukatika baada ya takriban mita 10, nikainuka nikatimua mbio kuelekea mlangoni. Mlango, bila shaka, ulikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, na mimi nilikuwa katika safu ile ile niliyoipigania tangu alfajiri. Nikapita mbele ya kila familia huku sauti yangu ikizichambua. Nilipokaribia safu za mwisho mawasiliano yalikatika, lakini yalikatika mahali pabaya kuliko pote, kwani maneno ya mwisho kusikika yalikuwa: "Na huyu mwalimu mkuu naye, jinsi alivyo..."

Baada ya hapo niliomba radhi, nikasamehewa na waliotaka, na jirani yangu akasema kwa utulivu kwamba mwanawe anaendelea na mazoezi ya kuimba. Cheti cha mwanangu kilipokelewa na baba yake. Mwalimu mkuu alinifuata nje kwa adabu zote akitaka kujua sentensi ile inaishiaje, nami nikamwambia inaishia na "alivyopendeza", jibu ambalo alilitafakari kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Jioni nikakumbuka kwamba dada yangu, mlengwa halali wa ujumbe, hakuwa amenijibu. Nikamuuliza kama ameusikiliza. Akajibu kwamba hakuwa na haja ya kuufungua, kwa sababu kufikia mchana alikuwa amekwisha kutumiwa na watu wengine, tena wenye video.