Mgeni shambani: fedha za serikali ziende wapi?

Kila bei ya mazao inapoporomoka, wazo hili hurudi: serikali iwape wakulima ruzuku au mikopo nafuu watenge vyumba, wapokee watalii. Mvua ikigoma, chumba kitalipa karo. Mimi naliunga mkono, ila utekelezaji wake mara nyingi unanitia wasiwasi.

Italia ilianza mapema. Sheria yake ya mwaka 1985 ilikubali mkulima alaze na kulisha wageni, kwa sharti kwamba kilimo kibaki ndiyo kazi kuu. Sheria ya 2006 iliyochukua nafasi yake ikawapunguzia wadogo mzigo: ukipokea wageni wasiozidi 10, shamba lako linahesabika moja kwa moja kuwa bado la kilimo. Sharti hilo nalitetea kwa nguvu zote. Pasipo hilo, fedha za wakulima huchotwa na mwenye hoteli aliyepanda miti kumi ya matunda karibu na geti, na mgeni aliyekuja kuona ng'ombe akikamuliwa huishia kutazama bwawa la kuogelea.

Wanaopinga ruzuku nao wana la kusema. Programu nyingi humtaka mkulima achangie sehemu ya gharama, au atumie fedha zake kwanza ndipo arejeshewe. Asiye na akiba anaachwa mlangoni, wakati ndiye aliyetajwa kwenye hotuba ya uzinduzi.

Halafu kuna hii dhana kwamba utalii ni kinga kilimo kinapoyumba. Uingereza mwaka 2001 iliona kinyume chake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipolipuka, mamilioni ya mifugo yaliuawa, na njia za miguu zinazopita mashambani zikafungwa ili maambukizi yasienee. Familia iliyokuwa na kondoo na vyumba vya wageni ilipoteza vyote kwa pigo moja.

Linaloniuma zaidi ni kazi yenyewe, kwa sababu haionekani kwenye maombi ya ruzuku. Saa kumi na moja alfajiri kuna ng'ombe wa kukamua. Saa moja mgeni anataka kifungua kinywa. Saa nne kuna mashuka ya kufua na choo cha kusugua, na mahali pengi mavuno huangukia msimu uleule wa likizo. Kwa kawaida mikono inayofanya haya yote ni ya mama wa nyumba, na mkataba unasainiwa na mumewe. Ofisi huhesabu vitanda. Saa za mama huyu hazihesabiwi na yeyote. Ningetaka fomu iulize nani atafanya kazi gani, na fedha zitaingia akaunti ya nani.

Kama kasma ni ndogo, ningeanza na barabara, maji safi na mafunzo ya usafi na kutunza hesabu. Vitu hivyo vinamfaa hata jirani asiyetaka mgeni kwake. Kwa upande wa vyumba, Ufaransa ya miaka ya 1950 ilionyesha njia nzuri: nyumba za vijijini zilizobaki tupu zilikarabatiwa na kupangishwa kwa watu wa mjini wakati wa likizo. Ukarabati humwachia mkulima deni dogo kuliko jengo jipya, na msimu ukipita bila mgeni, familia bado ina paa lisilovuja.