Kabla ya kuikimbilia milimita 600

Anayeanza kupiga picha za wanyamapori akinijia kuomba ushauri wa lenzi, huwa ameshajijibu kabla hajauliza. Anataka milimita 600, yaani lenzi ndefu inayomvuta mnyama wa mbali karibu sana. Akikosa kabisa, 500. Ukimtajia 300 anakutazama kama umemtukana. Namwelewa, maana nami nilikuwa hivyohivyo: niliona picha ya tai aliyejaa fremu nzima, manyoya yake yanahesabika, nikaamini kinachonitenganisha na picha ile ni milimita tu.

Mwenye bajeti ndogo aanze kwa kujua pesa ya lenzi inaenda wapi. Kwa sehemu kubwa haiendi kwenye umbali, inaenda kwenye mwanga. Chukua zile milimita za lenzi, uzigawanye kwa namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi (ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia), utapata upana wa tundu ambalo mwanga unapitia. Lenzi ya 600 f/4 ni 600 gawanya kwa 4, yaani milimita 150. Kioo cha mbele lazima kifikie upana huo, na kioo kikubwa kiasi hicho kisicho na kasoro hakitengenezwi kirahisi. Ndiyo maana lenzi hizo zinauzwa bei ya gari, na hata za kisasa zilizopunguzwa uzito bado zinagonga kilo tatu.

Sasa ifanye 600 hiyohiyo iwe f/6.3: tundu linashuka hadi milimita 95. Ifanye f/11: linabaki kama 55. Ndege ataonekana kwa ukubwa uleule. Kilichopungua ni kioo, uzito, bei, na bila shaka mwanga. Canon walilipeleka jambo hili mwisho kabisa mwaka 2020 walipotoa RF 600 na RF 800, zote f/11 isiyobadilika. Ile ya 600 ina gramu 930 tu. Watu walicheka sana, nami nilikuwa mmojawapo. Nani anapiga wanyama kwa f/11?

Kicheko changu kilikuwa cha enzi za filamu. Siku hizi sensa, sehemu ya kamera inayonasa mwanga, zinavumilia ISO (kipimo cha usikivu kwa mwanga) ambazo zamani hazikufikirika, na programu za kuondoa chenga, vile vidoadoa vya picha za mwanga hafifu, zimekuwa nzuri kiasi kwamba picha ya ISO 6400 ambayo miaka 15 iliyopita ningeifuta palepale, leo naisafisha na kuichapisha bila aibu. Kwa hiyo ule mwanga ambao mabingwa wanaulipia pesa nyingi umepungua thamani kwetu sisi wengine. Haujaisha thamani, tuelewane. Wanyama wengi hujitokeza alfajiri na jioni, saa zilezile ambazo mwanga ni haba, na f/11 inaingiza sehemu moja tu kati ya nane ya mwanga wa f/4. Mandharinyuma nayo hayayeyuki kuwa ukungu laini vilevile. Lakini jua likishapanda, tofauti anaiona mpiga picha kuliko mtazamaji.

Katikati ya ncha hizo mbili ndipo wengi wetu tunapoishia: zile zumu za 150-600 na jamaa zake, lenzi moja inayobadilika kutoka milimita fupi hadi ndefu. Tamron walianza kutangaza yao mwishoni mwa 2013, Sigma wakafuata 2014 na mbili kwa mpigo, na 2015 Nikon wakaleta 200-500 f/5.6. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida kuifikia 600 yenye fokasi ya kujiendesha ilikuwa ndoto. Ni lenzi nzuri. Niliimiliki mojawapo kwa miaka kadhaa na siwezi kuisema vibaya, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza nikalisikia: uzito.

Karibu kilo mbili, ukiacha kamera. Kwenye karatasi si kitu. Siku moja nilikaa kando ya bwawa nikimvizia mdiria aliyekuwa akirudi kwenye kijiti kilekile kila baada ya dakika chache. Nusu saa ya kwanza niliishika lenzi juu, tayari. Kisha bega likaanza kuwaka, nikaishusha kwenye goti. Mdiria akaja, nikainua, akaondoka. Akaja tena, nikainua, fokasi ikatafutatafuta kwenye matete ya nyuma, akaondoka. Mara ya tatu alitua na samaki mdomoni, akaanza kumpigapiga kwenye kijiti, tap, tap, kama anayekung'uta kiatu, nami mkono unatetemeka hadi kitulizi cha mtikisiko ndani ya lenzi kinanguruma. Nilirudi na picha arobaini na kitu. Katika mbili samaki ametoka wazi. Jicho la ndege, hakuna hata moja.

Baada ya hapo nilianza kuiacha nyumbani, na lenzi iliyo kabatini ina milimita sifuri.

Ndiyo maana leo nikiulizwa nasema 400, na nasema nyepesi. Kama kamera yako ina sensa ndogo ya APS-C, na za wanaoanza nyingi ni hizo, 400 inakupa mtazamo wa 600 au 640 bila kuongeza hata gramu. Canon RF 100-400 f/5.6-8 ina gramu 635. Unaitembeza siku nzima na kuisahau begani. Kwa upande wa zilizotumika kuna ile Canon EF 400 f/5.6 iliyotoka 1993. Haina zumu, haina kitulizi, haikaribii kitu chini ya mita tatu na nusu, na kwa ndege anayeruka bado ni moto: ina gramu 1250, inashika fokasi haraka, na kali tangu tundu likiwa wazi kabisa. Ukosefu wa kitulizi unaumiza kwa mnyama aliyetulia kwenye kivuli. Kwa ndege arukaye hauumizi, kwa sababu kasi ya shata utakuwa umeshaiweka 1/2000 ya sekunde na zaidi.

Atakayesema 400 haifiki nitamjibu kwamba hata 600 haifiki. Kila mwenye lenzi hulalamika haifiki. Na hata ikifika, mchana wa jua kali hewa yenyewe inacheza juu ya ardhi. Swala aliye mbali sana atatoka kama amechorwa kwenye maji, hata ukimpiga kwa lenzi ya bei gani. Dawa ya hilo ni kusogea, au kukaa kimya mahali pamoja mpaka mnyama asogee mwenyewe. Mara nyingi ya pili ndiyo inayofaa, na haimsumbui mnyama.

Kuna njia za mkato zinazomvutia mwenye bajeti ndogo. Lenzi za kioo-akisi za 500 f/8, zinazokunja njia ya mwanga kwa vioo vya ndani, ni fupi, nyepesi na rahisi kweli, ila nyingi hazina fokasi ya kujiendesha, na kila nukta ya mwanga nyuma ya mnyama inageuka pete. Wapo wanaozipenda pete hizo. Mimi naziona kama madoa. Kikuza-lenzi cha 1.4x, kinachofungwa kati ya lenzi na kamera kuongeza milimita, nacho kinakula mwanga: f/6.3 inakuwa f/9. Nilikinunua kwa furaha, nikakifunga kwenye zumu yangu, na kamera yangu ya wakati ule, ambayo fokasi yake ilikomea f/8, ikakataa kabisa. Inarudi mbele, inarudi nyuma, hainasi. Rahisi huvunja upishi. Kamera za sasa zisizo na kioo-akisi ndani yake (mirrorless) zimelegeza sharti hilo, lakini soma kwanza ya kwako inakomea wapi.

Mtumba siuogopi, mradi niishike lenzi mkononi. Nabeba tochi ndogo. Naimulika kutoka nyuma huku nikitazama kwa mbele, nikitafuta nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu, na sinunui hata kwa nusu bei. Vumbi kidogo halinisumbui, wala mikwaruzo ya nje. Naizungusha zumu taratibu nikisikiliza kama inakwaruza. Kisha naifunga kwenye kamera yangu mwenyewe, napiga kitu chenye maandishi madogo lenzi ikiwa kwenye milimita zake zote na tundu likiwa wazi, navuta picha kwenye skrini hadi asilimia mia, natazama katikati halafu kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine ziko kali, lenzi imeshaanguka mahali, haijalishi mwenyewe anasemaje. Na muuzaji akikataa nisiifunge kwenye kamera yangu, namshukuru, nazima tochi, naondoka.