Sotoka ya mbuzi: eti wa kienyeji haimpati?

Wafugaji wakikutana ubishi ni uleule, kwamba sotoka ya mbuzi na kondoo, huu ugonjwa wa virusi unaoitwa PPR, ni ya mbuzi wa kisasa, Boer na wale wa maziwa, wa kienyeji we muache tu atajimudu. Mi nina wa kienyeji na chotara kidogo wa Toggenburg, mbegu ya maziwa, kwa hiyo huu ubishi unanigusa mfukoni.

Wanaosema hivyo hawajatunga moja kwa moja. Mbegu zinatofautiana kweli, Afrika Magharibi inajulikana siku nyingi kwamba mbuzi wafupi wa ukanda wa misitu wanaumia zaidi ya wale warefu wa Saheli, kule kukavu. Ila hebu angalia vizuri hapo, wote hao ni wa kienyeji! Na kwetu Tanzania virusi vilipothibitishwa kule Ngorongoro 2008 havikukuta Boer, vilikuta mbuzi na kondoo wa wafugaji wa Kimasai, afu mwaka 2009 vikaibuka Newala, kusini huko Mtwara, karibu kilomita 700 kutoka Dar, na mbuzi waliovipeleka walikuwa wamenunuliwa mnada wa Pugu, hapo Dar. Vilisafiri na mbuzi garini, basi.

Kinachotudanganya nadhani ni hiki. Mbuzi akiugua akapona, anakuwa na kinga ya maisha, sasa ugonjwa ukirudi wanakufa watoto wa juzijuzi, wakubwa wanabaki wanatafuna tu, na mwenyewe anasema si unaona, wagumu hawa. Wagumu wapi, walishalipa zamani. Wa maziwa aliyefungiwa bandani maisha yake yote hajawahi kukutana na kirusi, kikiingia kinakuta banda zima halina kinga.

Lakini na yeye mwenye mbuzi wa bandani ana hoja yake, anasema wangu hawatoki, majani nawaletea, nichanje ya nini? Hapo namwelewa nusu. Shida ni beberu. Vikundi vingi vya mbuzi wa maziwa vina beberu mmoja anazungushwa kwa wanachama, leo kwako kesho kwangu, na kirusi kinakaa kwenye makamasi, matongo na mavi, kwa hiyo huyo mmoja akiumwa amepita nyumba zote.

Chanjo yenyewe ni nzuri, sindano moja inamkinga mbuzi miaka 3 au zaidi, ila ni kirusi hai kilichofifishwa na hakipendi joto, ikitembea kwenye pikipiki bila barafu unachoma maji tu, na ikishachanganywa haingoji mtu akamate mbuzi mmoja mmoja porini. Watoto wadogo pia usiwakimbilie, kinga waliyopata kwa mama inaiua chanjo, subiri miezi 4 hivi.

Kwa hiyo mi nachanja wote, mbegu siangalii. Ninayemwogopa ni wa kutoka mnadani, huyo anafungwa peke yake wiki 3 nyuma ya nyumba, hata awe mzuri vipi, na kila asubuhi namkagua pua na ndani ya mdomo kabla sijampa maji.