Ubongo nao hutengeneza homoni

Makala yenu yadai steroidi (homoni zitokanazo na kolesteroli) zote za ubongo mchanga hutoka kwenye korodani, ovari na adrenali (tezi zilizo juu ya figo). Sivyo. Mwaka 1981 mtafiti Baulieu na wenzake, Ufaransa, walizikuta ubongoni mwa panya wazima hata baada ya kuondolewa korodani na adrenali. Kwa panya wachanga, seli za Purkinje (seli kubwa za neva kwenye serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo) hutengeneza steroidi iitwayo projesteroni: kolesteroli huingia mitokondria (vinu vya nishati vya seli), kimeng'enya P450scc huikata iwe pregnenoloni, kisha kimeng'enya kingine, 3β-HSD, huigeuza kuwa projesteroni. Kinachochelewesha ni kule kuingia, si kukata.

Anayepima steroidi hizi hapa Mombasa agandishe ubongo papo hapo kwa naitrojeni kimiminika (barafu ya samaki haitoshi, jamani!). Mnyama akishtushwa, alopregnanoloni (steroidi itokanayo na projesteroni) hupanda kwa dakika chache. Na vipimo vya kingamwili (protini zinazonasa molekuli) huchanganya steroidi zinazofanana. Tumieni spektrometa ya masi, chombo kinachotambua molekuli kwa uzito wake.